Ulichokata Kiko Wapi? Historia Fupi ya Picha za Maji

Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu zilinibana, na mvua za hapa Eldoret nazo zilikuwa zikiondoka na umeme karibu kila jioni. Leo siandiki juu ya hifadhidata wala lugha mpya ya programu. Nataka tuzungumze kuhusu picha, hasa zile picha za maji yaliyotulia ambamo mlima au mti unaonekana mara mbili: juu umesimama, chini umepinduka kichwa chini miguu juu. Tutazungumza pia kuhusu mkasi, yaani kile kitendo cha kukata kingo za picha ili ipendeze. Niwieni radhi kama makala yatakuwa marefu. Nina deni la kulipa, na mtaliona.

Desemba 2020 nilitoka Eldoret kwenda Ziwa Baringo. Tulipitia Iten, tukateremka Tambach hadi bonde la Kerio, tukapanda Kabarnet, kisha tukashuka Marigat. Mwaka huo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kupita kiasi. Nililala karibu na Kampi ya Samaki, na alfajiri nikaenda ukingoni na kamera niliyoazima. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Migunga iliyokufa ilikuwa imesimama ndani ya maji, na kila mgunga ulikuwa na pacha wake chini. Nilipiga picha kama arobaini. Moja ilitoka vizuri kuliko zote, ila kwenye kona ya kulia palikuwa na ukingo wa paa la mabati ya buluu, umejitokeza majini kama mgongo wa kiboko. Nikaona unaharibu utulivu wa picha. Nikaukata.

Sasa hapa ndipo uanaprogramu wangu uliponiponza. Nilikuwa nimeandika programu ndogo, mistari kumi hivi, ya kupunguza picha zangu ili zisijaze diski. Inafungua faili, inakata, inahifadhi kwa jina lilelile. Jina lilelile! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba hilo ni kosa. Baadaye nikaifuta kadi ya kamera na kuirudisha kwa mwenyewe.

Picha niliiweka mtandaoni, watu wakaisifu. Baada ya siku tatu nikapata ujumbe kutoka kwa jamaa mmoja tuliyewahi kufanya kazi naye, mzaliwa wa huko ziwani. Aliandika hivi: "Kaka, picha ni safi sana. Miti hiyo naijua. Lakini hapo kulia palikuwa na paa. Umelipeleka wapi?" Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, mambo ya kupanga picha na usawa wa pande mbili. Akajibu: "Lile ni duka la mama. Chifu anaandikisha walioathirika, na mama hana picha yoyote ya kuonyesha duka lilikuwa wapi. Nitumie ile nzima."

Nzima haikuwepo.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu historia ya kupiga na kukata picha za maji. Nimegundua kwamba swali la jamaa yangu ni la zamani kuliko kompyuta, na kwamba historia yenyewe inapita hapa kwetu mara nyingi kuliko nilivyofikiri. Twende basi.

Hebu tuanzie ziwani, kwa sababu wazo la upigaji picha lilimjia mmoja wa waanzilishi wake akiwa ziwani. Oktoba 1833, Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, pamoja na mkewe waliyeoana mwaka uliotangulia. Alikuwa akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa chenye prizimu kinachomfanya mchoraji aone kama vile mandhari yamelala juu ya karatasi. Kazi yake ni kufuatisha mistari tu kwa penseli. Talbot alishindwa kabisa. Mchoro ulikuwa wa kutia aibu, na akaanza kuwaza: je, haiwezekani taswira hiyo ijichore yenyewe na ibaki kwenye karatasi? Kufikia 1835 alikuwa ameshapata picha ndogo za negativu kwenye karatasi, na mwaka 1839, Mfaransa Daguerre alipotangaza njia yake, Talbot naye akatangaza ya kwake. Kwa maneno mengine, mtu ambaye hakujua kuchora ziwa ndiye aliyetuletea negativu.

Sheria za kupanga picha, kwa upande mwingine, zilikuwepo kabla ya kamera. Kila anayejifunza kupiga picha huambiwa kuhusu kanuni ya theluthi: usiweke mstari wa upeo katikati, uweke kwenye theluthi ya juu au ya chini. Wengi hudhani kanuni hii ilizaliwa na kamera. La. Mchoraji wa Uingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 katika kitabu kuhusu mandhari ya mashambani. Alitaja hata maji na nchi kavu: kimoja kichukue theluthi mbili, kingine theluthi moja.

Lakini maji yaliyotulia huipinga kanuni hiyo. Mlima na taswira yake vinapokuwa karibu sawa, jicho hutaka kuviona vikiwa na nafasi sawa, kwa hiyo mstari wa ukingo huwekwa katikati kabisa. Ukifuata theluthi, unakata vilele vya chini au vya juu. Ndiyo maana wapigapicha wa maziwa wamekuwa wakaidi tangu zamani.

Hapa nisimame kidogo nieleze namna maji yanavyofanya kazi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Siku za Jumapili huwa naenda bwawa la Kesses, kusini mwa mji wetu, upande wa Chuo Kikuu cha Moi. Ukienda saa nne asubuhi umechelewa, upepo umeshaamka. Nenda saa kumi na mbili. Ukisimama ukatazama maji wima karibu na miguu yako, unaona matope na majani ya chini, kwa kuwa maji hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga unaoyapiga wima. Mwingine wote unazama. Lakini ukichuchumaa hadi kamera ikaribie usawa wa maji, ukatazama ng'ambo, mwanga unafika kwa mshazari na sehemu kubwa inarudi kwako. Hapo bwawa linageuka kioo. Ni maji yaleyale. Ulichobadilisha ni urefu wa jicho.

Jambo la pili: taswira ya majini si nakala kamili ya kilicho juu. Maji hukuonyesha kile ambacho jicho lililo chini ya maji lingekiona, chini kwa kina kilekile ambacho kamera yako iko juu. Kwa hiyo mti ulio karibu huuficha mlima wa mbali zaidi katika taswira kuliko unavyouficha juu. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Jambo la tatu: taswira karibu kila mara ni nyeusi kidogo kuliko anga yenyewe. Ukirekebisha kamera kwa ajili ya maji, anga inaungua. Ukirekebisha kwa ajili ya anga, maji yanakuwa giza.

Tatizo hili la tatu liliwatesa wazee wetu wa fani hii. Mabamba ya zamani yaliona rangi ya buluu kupita kiasi, hivyo anga ilitoka nyeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1856 na 1857, alipata dawa: katika baadhi ya picha zake za bahari alipiga negativu mbili, moja kwa ajili ya bahari na nyingine kwa ajili ya mawingu, kisha akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kuchapa. Watu walistaajabu. Simu yako leo inafanya jambo la aina hiyohiyo unapobonyeza mara moja nayo ikapiga picha kadhaa na kuzichanganya kimyakimya. Tofauti ni kwamba Le Gray alijua alichounganisha. Wewe na mimi hatuulizwi.

Sasa tuje nyumbani. Agosti 1860, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Zanzibar wakielekea kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha, na picha alizopiga Unguja ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Lakini wakati huo bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigwa picha likiwa bado bichi, na kusafishwa palepale, ndani ya hema dogo lisilopitisha mwanga. Hebu fikiria joto la hema hilo katika nyika ya Tanganyika. Walipoona kazi hiyo inaweza kumuua Grant, vifaa vikarudishwa pwani, na yeye akaendelea kwa penseli na rangi za maji.

Kwa hiyo Speke alipofika mahali ambapo Nile inatoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, kamera haikuwepo. Grant mwenyewe hakuwepo, maana mguu wake ulikuwa umemsumbua kwa miezi na alikuwa ametumwa njia nyingine. Maporomoko yale Speke aliyaita Ripon. Leo hayapo tena: yalizamishwa na bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Ajabu, sivyo? Talbot alishindwa kwa penseli akabuni picha. Grant alishindwa kwa picha akarudi kwenye penseli. Wote wawili walisumbuliwa na ziwa.

Miaka 44 baada ya Speke, teknolojia ilikuwa imebadilika. Mwaka 1906 Mwana wa Kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliongoza msafara wa Rwenzori, na mpigapicha wake alikuwa Vittorio Sella. Mabamba sasa yalikuwa makavu. Hayakuhitaji hema la moto, ila bado yalikuwa ya kioo, mazito, na yalipanda matope ya Rwenzori kwa migongo ya wapagazi. Sella alipiga vilele, mabonde, maziwa ya juu na barafu, na mara nyingi alipiga mfululizo wa picha zinazounganishwa kuwa mandhari moja ndefu.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu alipenda upana. Aliacha mabonde, kingo za barafu na miamba isiyo na jina ndani ya fremu. Wakati ule barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kama kilomita za mraba 6 na nusu. Mwanzoni mwa karne hii haikufika kilomita moja. Watafiti wanaotaka kuona barafu ilifika wapi hurudi kwenye picha za 1906 na kutazama kingo zake, pale ambapo mtu wa kutafuta urembo tu angekata. Sella hakujua kwamba alikuwa akiandika ushahidi. Alibakisha tu.

Tuzungumzie mkasi sasa. Kuna jambo ambalo sikulijua kabla ya kuanza kusoma: lenzi haitoi picha ya pembe nne. Lenzi hutoa duara. Kila picha ya pembe nne uliyowahi kuiona imeshakatwa mara moja kabla hata hujaigusa. Kamera ya kwanza ya Kodak, iliyotoka 1888 ikiwa na filamu ya picha 100, ilitoa picha za mviringo. Duara lilificha udhaifu wa kona, na mpigaji asiye na uzoefu hakuhitaji kuhangaika kunyoosha mstari wa upeo. Halafu ikaja Leica, 1925, kazi ya Mjerumani Oskar Barnack, na fremu ya milimita 24 kwa 36, ule uwiano wa 2 kwa 3 ambao kamera nyingi kubwa bado zinautumia. Simu nyingi zikachukua 3 kwa 4. Instagram ilipoanza Oktoba 2010 ililazimisha mraba kwa kila mtu, na haikulegeza hadi Agosti 2015. Kwa miaka karibu mitano, mamilioni ya maziwa yalikatwa mraba kwa sababu ya uamuzi wa wanaprogramu wachache. Nakiri mraba unaipendeza taswira ya majini, upeo ukikaa katikati. Lakini mraba pia ni mkali: hutupa kushoto na kulia, na kwenye ziwa, kushoto na kulia ndiko waliko watu. Katikati kuna maji. Watu wako kandokando.

Hata hivyo zingatia hili, na ndilo lililoniuma zaidi. Katika chumba cha giza, kukata hakukuwa kutupa. Mpigapicha aliweka negativu kwenye mashine ya kukuza, akachagua sehemu anayoitaka ianguke kwenye karatasi, na negativu nzima ikarudi kwenye bahasha yake. Miaka hamsini baadaye mjukuu angeweza kuitoa na kuona kilichokuwa kwenye kona. Kwa zaidi ya karne moja, mkasi ulikata karatasi ukaacha chanzo. Programu za kisasa za wapigapicha, kama Aperture ya 2005 na Lightroom ya 2007, zilifuata desturi hiyohiyo: hazikugusa faili la asili, ziliandika tu namba za mahali ulipokata. Mimi ndiye niliyekuja na mistari yangu kumi nikavunja desturi ya karne nzima. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba tu. Kukata ni kusema "nipe safu hii hadi ile", na kazi inaisha kabla hujapepesa jicho. Kinachotupwa hakipigi kelele.

Na wanaprogramu tumekuwa tukicheza na taswira za majini muda mrefu. Wakongwe wa intaneti watakumbuka applet ya Java iliyoitwa Lake, iliyosambaa kwenye kurasa za watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990. Unaipa picha yoyote, inaipindua, inaiweka chini, kisha inaichezesha kama mawimbi. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo, nimeiona baadaye tu, na leo vivinjari havikubali tena applet. Ilivutia, lakini kumbuka lile jambo la pili kuhusu maji: kupindua nusu ya juu si taswira ya kweli. Mti wa karibu na mlima wa nyuma haviwezi kufichana sawasawa juu na chini. Ukitaka kujua kama mtu amebandika ziwa la uongo chini ya mlima, tazama hapo. Maji ya kweli daima huonyesha kitu tofauti kidogo na unachokijua.

Sasa nitaondoka kwenye maji kwa muda, nifuate mkasi, maana kuna tukio moja la Afrika Mashariki ambalo kila anayekata picha anapaswa kulijua. Januari 2020, Vanessa Nakate wa Uganda, mwanaharakati wa mazingira, alikuwa Davos, Uswisi. Alipigwa picha na wenzake wanne: Greta Thunberg, Luisa Neubauer, Isabelle Axelsson na Loukina Tille. Walisimama kwenye mstari, nyuma yao milima yenye theluji. Shirika la habari la Associated Press lilipoituma picha hiyo kwa vyombo vya habari, walionekana wanne tu. Nakate, Mwafrika pekee, aliyesimama pembeni kushoto, hakuwemo.

Maelezo yaliyotolewa baadaye yalikuwa kwamba mpigapicha alikata kwa haraka na kwa sababu za upangaji tu: nyuma ya Nakate palikuwa na jengo, na aliona jengo linavuruga picha. Shirika liliomba radhi na kutoa picha nzima. Nakate alisema hadharani kwamba hakuwa amefutwa yeye peke yake, bali bara zima.

Niliposoma maelezo yale nilijiona mwenyewe. Sina sababu ya kuamini kwamba mtu yule alikuwa na nia mbaya. Mimi pia sikuwa nayo. Tulikuwa na sheria ya urembo, mlima safi kwake, maji safi kwangu, na jengo lililoharibu usafi huo. Tukaukata ukingo, na ukingoni palikuwa na mtu.

Mwaka huohuo swali likahamia kwenye mashine. Tangu 2018 Twitter ilikuwa ikitumia mtandao wa neva kukata picha zilizopakiwa, ikikisia sehemu ambayo jicho la binadamu lingeitazama kwanza. Septemba 2020 watumiaji walianza kuijaribu kwa picha ndefu zenye nyuso mbili, ya mtu mweupe na ya mtu mweusi, na wengi wakaona uso mweupe ukichaguliwa. Kampuni ikachunguza, na Mei 2021 ikachapisha matokeo: algoriti iliwapendelea wanawake kuliko wanaume kwa tofauti ya asilimia 8, na watu weupe kuliko weusi kwa asilimia 4. Ikaacha kukata kwa namna hiyo kwenye simu na kuanza kuonyesha picha nzima. Hitimisho la watafiti wake wenyewe lilinipendeza: namna ya kukata picha ni uamuzi ambao ni afadhali ufanywe na watu.

Nakubaliana nao, lakini nusu. Mtu naye anaweza kukata vibaya. Niulizeni mimi.

Turudi ziwani. Ripoti ya serikali ya Kenya iliyotolewa 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa ilikadiria walioathirika kuwa karibu watu 380,000 katika kaunti 13. Sababu kubwa iliyotajwa ni mvua zilizoongezeka, pamoja na udongo unaosombwa kutoka milimani, ikiwemo milima yetu hii ya juu ambako misitu imekatwa. Ziwa Nakuru peke yake lilipanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 mwaka 2010 hadi 68 mwaka 2020. Maji yalipoongezeka chumvi ilipungua, chakula cha heroe kikapungua, na wengi wakahama. Ile Nakuru ya kadi za posta, yenye ukingo wa waridi, ikawa Nakuru ya migunga mikavu iliyosimama majini.

Na migunga hiyo, jamani, inapendeza. Hilo ndilo tatizo. Tafuta picha za Nakuru na Baringo za miaka ile na utaziona kwa mamia: miti mieupe, maji kama kioo, ndege mmoja, upeo katikati. Picha zimepangwa vizuri. Ukizitazama zote pamoja utadhani maji yalipanda mahali pasipo na mtu. Hakuna uongo katika picha hata moja. Uongo uko kwenye jumla ya kona zilizokatwa.

Sisemi tuache kukata. Picha isiyokatwa mara nyingi ni chakula kisichochambuliwa, mchele pamoja na mawe. Hata Sella alichagua pa kusimama, na kuchagua pa kusimama ni kukata. Ninachosema ni hiki: kukata ni kusema "hiki si muhimu". Mtu anayesema hivyo kuhusu ukingo wa ziwa ajue kwanza ni cha nani.

Siku hizi nafanya mambo matatu. Kwanza, faili la asili halibadilishwi. Nimelifungia ruhusa ya kuandikwa, na programu yangu mpya inahifadhi namba nne tu za mahali pa kukata, katika faili dogo pembeni. Pili, kabla ya kukata naikuza kona ninayotaka kuitupa hadi pikseli zionekane, niijue ni nini. Tatu, naandika sentensi moja: nimekata nini. "Kushoto: uzio na ng'ombe wawili." "Kulia: kibanda cha mkaa." Inachukua nusu dakika. Nikizisoma sentensi hizo kwa mfululizo, naona kwamba ni picha nyingine kabisa ya bwawa la Kesses, na siku nyingine naipenda kuliko ile niliyoibakisha.

Nilirudi Kampi ya Samaki mwaka 2021 nikiwa na kamera, nikijidanganya kwamba nitarekebisha kosa. Migunga ilikuwepo. Paa halikuwepo tena. Nilimwona mama mwenye duka, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, hukujua." Akanipa chai. Ilikuwa afadhali anigombeze.

Basi nina ombi. Kama ulipita Kampi ya Samaki mwaka 2020 ukapiga picha ya ziwa alfajiri, ukiwa umeelekea ile migunga iliyokufa, nenda kwenye diski yako ya zamani, kwenye simu uliyoiweka droo, kwenye barua pepe uliyojitumia. Usitafute ile uliyoirekebisha. Tafuta ile ya kwanza, ile mbaya, iliyopinda. Tazama kona ya kulia. Kama kuna paa la mabati ya buluu, nitumie. Nitaipeleka mwenyewe, nzima kama ilivyo.